Bunduki Kumi na Moja za Jumbe Miraji

Mji wa Ozi ulikuwa na akiba moja tu, pembe mbili za ndovu, na aliyeamua zitumike vipi ni Jumbe Miraji. Mto ulikuwa umelila tuta la kukinga mashamba ya mpunga. Na huko Kipini watu walikuwa wakisema wavamizi wanakuja.

"Tengeza tuta, kaka," alisema Mwanatumu, dada yake mjane aliyekuwa akimpikia tangu mkewe afariki. "Mji ni watu, na watu ni kula."

Wazee walitaka bunduki. Miraji aliogopa sana kuitwa mwoga, basi pembe zikaenda Lamu, zikarudi bunduki kumi na moja.

Bunduki haijishiki. Akawatoa wanaume kumi na mmoja mashambani wakalinde lango, mmoja wao Dhadho, mwonja maji. Kazi ya Dhadho ilikuwa ndogo kwa macho ya mjinga: bahari ikijaa na kuusukuma mto mashambani, yeye huonja kwanza. Yakiwa matamu, mpunga hunyweshwa. Yakiwa ya chumvi, hupiga ukelele, na mji mzima hukimbia kuziba tuta kwa udongo.

Siku moja ya kiangazi maji yalipenya tutani. Wanawake wakashukuru, maana mpunga ulikuwa na kiu. Dhadho alikuwa langoni, bunduki begani, na hakuna mwingine aliyeonja. Siku ya nne mpunga wote ulikuwa umekauka.

Wavamizi hawakutokea. Watu walihamia kijiji cha Wema kwa jamaa zao, mtumbwi baada ya mtumbwi. Hakuna aliyemtukana jumbe, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Mwanatumu aliondoka wa mwisho.

"Twende, kaka."

"Jumbe hauhami mji, dada."

"Mji upi?"

Miraji akabaki na bunduki zake. Upweke ulimla. Alizipangusa, akazisemesha, akajionea haya.

Asubuhi moja wakaja watu watatu wenye mikuki, wageni, wale wale waliohofiwa. Miraji hakugusa bunduki. Alilifungua lango mpaka mwisho.

Wakachungulia nyumba tupu, wakaomba maji, wakanywa, wakageuka waende zao.

"Kaeni kidogo," aliwasihi, ameushika mkono wa mmoja wao. "Nitawapikia."