Somo la Takwimu kwa Mafundi wa Kimironko

Belyse alipofeli takwimu mwaka wa pili, mama yake Nahimana hakulia wala kufoka. Aliuliza tu, "Hiyo takwimu iliyomwangusha mtoto wangu ni kitu gani? Nitumie sauti, nisikie."

Nahimana alikuwa fundi cherehani katika soko la Kimironko. Shule aliiacha mapema, huko Bujumbura alikokulia. Basi kila jioni Belyse alijibanza nyuma ya maktaba, akaieleza simu yake somo la siku kwa Kiswahili cha nyumbani. Mama aliufungua ujumbe kwa sauti ya juu, mafundi wenzake wakasikiliza, kisha wakauliza.

Hayo darasani hayakujulikana. Pretty, aliyelelewa Kampala na mwenye kompyuta yake nzuri, aliona simu tu.

"Dada, simu itakumaliza," alisema mbele ya wote. "Kutwa iko mdomoni! Utapasi saa ngapi?"

Wakacheka. Belyse, ambaye hata kuitikia jina lake kulimtoa jasho, aliinamisha kichwa. Alibakiwa na nafasi moja ya kurudia mtihani. Angeanguka tena, ufadhili ungekatwa na chuo kingekwisha.

Jioni ile alieleza kwamba vitu viwili vyaweza kuandamana bila kimoja kukisababisha kingine. Akajibu Usumani, mshona suti:

"Mwarimu, kila nikiona miamvuri mingi barabarani, wateja wanapotea. Niwakataze watu miamvuri?"

Nyuma yake kicheko na cherehani vilinguruma pamoja. Belyse akajibu, "Hapana, mzee wangu. Mvua ndiyo inayoleta yote mawili."

"Iko sawa. Basi nimewasamehe."

Siku ya mtihani, swali la mwisho lilisema: wanafunzi wanaoshinda kwenye simu hupata alama za chini, je, simu ndiyo inayowaangusha? Nusura Belyse acheke. Aliandika habari za miamvuli. Kisha akaandika kwamba asiye na kompyuta husomea kwenye simu, huandikia kazi zake humo humo, na jioni humngoja kupika na kuchota maji. Kabla ya kuilaumu simu, alimalizia, tuangalie nyumbani kwake kunanyesha kiasi gani.

Aliwashinda wote waliorudia. Mwalimu alimwita mbele ya darasa zima alieleze jibu lile. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Akafumba macho, akawaza mafundi wanasubiri, ikanyooka; akasimulia hata sauti alizowatumia kila jioni.

Alipotoka, Pretty alimfuata mlangoni. "Dada, nilikukosea. Hizo sauti zako... nitumie na mimi."

"Nitakutumia," alisema Belyse, "ila mafundi wana maswali magumu."

Jioni hiyo hakutuma sauti. Alikwenda Kimironko mwenyewe. Nahimana alipomwona anavyotabasamu, aliangusha mkasi akamkumbatia.

"Simamisheni cherehani!" Usumani alipiga kelele. "Mwarimu amekuja na miguu yake!"

Soko likatulia upande ule. Belyse aliinua kichwa, akawatazama wote, akaanza kusema.