Kidonda cha Miaka Sita

Ukitaka kujua joto ni nini, simama mbele ya tanuri la mkate umevaa mikono mirefu. Mwokaji mmoja, aliyebandikwa jina la Chachu kwa sababu huumuka haraka akichokozwa, alilivumilia joto hilo miaka sita, tena na bandeji ndani ya shati. Yote hayo kumficha mama mkwe wake ndege mmoja wa tatuu, aliyechorwa mkononi enzi za usichana.

Chanzo ni mdomo wa mama mkwe mwenyewe, muuza vitambaa mwenye ulimi mkali. Alimwona bi harusi wa jirani ana tatuu, akabwata mbele za watu: "Huyu hakulelewa!" Chachu, mchumba mpya tena yatima, ndiyo kwanza ameanza kumwita mtu mama, akaifunga tatuu yake bandeji. Alipoulizwa bandeji ya nini, likamtoka: "Niliungua na tanuri, mama."

Basi kila mwezi mama mkwe akawa analeta mafuta ya kupaka. Chachu anapokea, "Ahsante, mama," huku roho inamsuta. Mumewe, aliyejua yote, akamwambia, "Sema yaishe." Thubutu! Mama aliyempata ukubwani, ampoteze kwa kinywa chake?

Juzi asubuhi mama mkwe akapita dukani moja kwa moja hadi jikoni, macho yamemvimba.

"Vua aproni, twende hospitali. Nimeshaongea na daktari."

"Daktari wa nini, mama?"

"Kidonda gani hakiponi miaka sita? Silali, mwanangu! Niambie ukweli, wanataka kuukata mkono?"

Weee! Muda wote Chachu aliogopa kutukanwa; hakuwahi kufikiri kuna mtu anakosa usingizi kwa ajili yake. Vidole vimejaa unga mbichi, akapandisha mkono wa shati kwa kiwiko, akaivuta bandeji kwa meno, akafumba macho.

Kidole cha mama mkwe kikapita juu ya ndege, kikibonyezabonyeza kama anayekagua kitambaa.

"Hapaumi?"

"Hapaumi."

"Kumbe ni mchoro tu!" Akajibwaga juu ya gunia la unga, gauni jeusi likawa jeupe. Akalia, akacheka, akalia tena. "Mjinga wewe! Mafuta yote yale nampaka ndege?"

"Si ulisema hatukulelewa, mama?"

"Nilisema, mdomo wangu huu huu. Siku hizi hata daktari wangu wa meno ana tatuu hadi shingoni, na ana mkono mwepesi ajabu. Ila ukinidanganya tena nakuchapa mbele ya wateja."

Chachu akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko. Upepo wa dirishani ukampiga, akatamani kupiga vigelegele.

Mzee mmoja aliyekuja kununua mkate akachungulia, akaguna. "Siku hizi hata waokaji nao..."

Mama mkwe akainuka na unga wake mgongoni. "Unaguna nini? Huo ni mkono wa mwanangu. Mzima!"