Jogoo Niliyempandisha Ndege Suneka

Nyanya yangu wa Nyaramba alinifundisha kwamba kuku ukimfunika kichwa anatulia kama ameokoka. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini hilo la kuku sikulisahau, na ndilo lililokuja kuniaibisha uzeeni mbele ya Suneka nzima.

Binti yangu Kerubo ni rubani (ndiyo, wangu mimi huyu wa majani chai na ndizi). Alipojifungua alikaa nyumbani sana, basi ruhusa yake ya kuruka ndani ya mawingu, pale huoni kitu unasoma saa za mbele tu, zile za kuonyesha ndege iko juu kiasi gani na inaelekea wapi, ikalala, muda wake umepita. Kazi ilikuwa inamngoja, lakini lazima mwalimu amjaribu kwanza akiwa amezibwa macho asione nje. Siku hiyo wakatua uwanja wa Suneka, Kerubo akaniombea nikae nyuma wakizunguka.

"Tata, usiongee," akaniambia. "Nikishindwa leo, kazi imeenda."

Nikaahidi, nikapanda nyuma. Lakini mwalimu ni mgeni ametoka Nairobi, nitamwacha arudi mikono mitupu? Nilikuwa na jogoo ndani ya koti, nimemfunika kichwa kwa kofia yangu ya Sabato, ametulia, Kerubo naye mbele amezibwa, ametulia, nikaona leo wote ni wanafunzi wa nyanya.

Tulipopita juu ya soko nikaona watu chini, nikajua wamo wale waliosema msichana hawezi kuendesha ndege, sasa nisiwapungie kwa nini? Nikapunga. Kwa kofia ile ile.

Jogoo akaruka mpaka kichwani mwa mwalimu, manyoya kila mahali.

"Mzee! Nini hii?"

"Ni zawadi yako, mwalimu!"

"Tata, ni jogoo?" Kerubo akauliza, na uso hakuinua.

"Ni jogoo, mama. Wewe soma saa zako!"

Akasoma. Mwalimu anapigana na mabawa ya jogoo, ndege inashuka imenyooka tu, mpaka karibu na uwanja akaambiwa azibue macho, akatua polepole kama anayelaza mtoto.

Mwalimu akashuka na mavi ya kuku begani, watu kwenye ua wa uwanja wanashikana kwa kicheko.

"Nimejaribu marubani wengi," akasema, "huyu ndiye wa kwanza kujaribiwa na jogoo. Amepita!" Kisha akambana jogoo kwapani. "Na huyu ni wangu, sirudishi. Mzee, panda tuzunguke tena?"

Kerubo alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi nikavaa kofia yangu, nikapita katikati ya wale watu, nikashika njia ya migombani, nyuma yangu wanaume wazima wanawika, na uwanja ule sijaukanyaga tena.