Nyumba ya Arobaini na Moja

Tangu apewe begi la uhudumu wa afya ya mtaa, miaka kumi na tisa iliyopita, Bi Daftari hajatoka nyumbani bila daftari kwapani. Jalada gumu, limefungwa kwa mpira uliochomolewa kwenye soksi kuukuu. Humo mna nyumba zote mia moja na sita za mtaa wake: nani ana presha, nani kaacha dozi, nani anaapa kwamba anameza vidonge kumbe anawatupia kuku. Na hamung'unyi maneno. Ukimwambia unaendelea vizuri, atakwambia vua viatu nione hiyo miguu.

Kimbunga kilipopita kiliezua paa la zahanati, kikakata umeme, kikaangusha ukuta wa chumba cha dawa. Zahanati ikafungwa miezi minne. Mtaani kulikuwa na watu kumi na mmoja wa kisukari wanaojidunga insulini, na insulini haitaki joto. Wifi yake Bi Daftari, mke wa kaka yake, alikuwa mmoja wao. Dawa ilimharibikia, na mwezi wa tatu baada ya kimbunga wakamzika. Aliacha binti wa miaka kumi na sita mwenye ugonjwa uleule. Binti huyo sasa anakaa kwa shangazi yake, na chupa zake za dawa zimo kwenye mtungi wa udongo kwenye kona yenye kivuli. Kila asubuhi Bi Daftari anatia mkono mtungini kupima ubaridi. Hebu fikiria, uhai wa mtoto wa watu unategemea mtungi.

Kwa hiyo wafadhili walipotoa fedha za kuchunguza afya za watu baada ya kimbunga, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Waliambiwa awamu ya pili ingeleta friji ya dawa inayotumia nguvu za jua, ipelekwe mtaa ulioumia zaidi. Vijana wakapita na simu zao nyumba kwa nyumba, siku tatu, wakaondoka.

Miezi ikapita, matokeo yakaletwa. Viti vya plastiki, maji ya chupa, ripoti ya karatasi za kung'aa. Daktari wa utafiti, mwanamke mpole, akawapongeza: mtaa wao umeonyesha ustahimilivu wa hali ya juu, kwani wengi hawakwenda zahanati hata mara moja katika miezi minne ya mwanzo baada ya kimbunga.

Bi Daftari akadhani masikio yanamdanganya. Wangekwenda wapi, kwenye kifusi? Yaani mlango ufungwe miezi minne, halafu asiyeingia ahesabiwe mzima!

Akafunua kurasa za nyuma za ripoti, kwenye orodha ya nyumba. Ya arobaini na moja, ya kaka yake: hakuna mgonjwa, imestahimili vizuri.

Kijana wa simu alimkuta kaka yake peke yake, akamuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, naye akajibu hakuna. Kweli hakuna. Mgonjwa mmoja alikuwa kaburini, binti yuko kwa shangazi yake, na fomu yao haikuwa na mahali pa kuuliza nani amekufa.

Ikaletwa karatasi ya mhudumu wa mtaa kuthibitisha kwamba matokeo ni sahihi.

"Saini hapa chini, mama," daktari akasema. "Wafadhili wanaisubiri leo."

"Sisaini."

"Kuna tatizo?"

"Mmeandika wifi yangu amestahimili. Wifi yangu insulini ilimharibikia, na mwezi wa tatu nilimfumba macho kwa mikono hii."

Mwenyekiti wa mtaa akamsogelea, akamnong'oneza asiwaudhi wageni.

"Wewe unaogopa wageni watanuna," akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi naogopa mtoto hataamka."

"Mama, nakuelewa," daktari akasema, "lakini ripoti ikichelewa, fedha za awamu ya pili zinaweza kwenda kwingine."

"Hata nikisaini zitakwenda kwingine. Si mmeshaandika kwamba sisi wazima?"

Daktari akaifunua ripoti yake, akatoa kalamu, akakata mstari wa nyumba ya arobaini na moja. Pembeni akaandika: amefariki mwezi wa tatu, dawa iliharibika.

"Kuna nyingine?" akauliza taratibu.

Bi Daftari akavuta kiti, akauvua ule mpira wa soksi.

"Anza nyumba ya kwanza," akasema. "Mzee wa presha. Naye mlikuta tumeshamzika."