Kikombe cha Kuharakisha Mtoto

Nakumbuka ule mwaka ambao hapa kwetu Kakamega kuku alichinjwa hata bila mgeni. Miwa ilikuwa inalipa, mjukuu wangu. Asubuhi tulikula mkate mweupe, viazi vitamu tukavidharau. Na mimi nilikuwa mrembo, waulize waliokuwepo.

Mama mkwe wangu, mimba ikipitisha siku za kuzaa, alichemsha mizizi. Unakunywa kikombe kizima, uchungu unaanza. Ayuma, mke wa shemeji yangu, alikunywa. Uchungu ulimjia kwa fujo, bila kumpa nafasi ya kupumua. Mtoto akatoka upesi, tukapiga vigelegele, halafu damu ikakataa kukoma. Ililowesha godoro ikashuka sakafuni. Dereva wa trekta aliyekuwa akipita alimwaga miwa barabarani, tukampakia Ayuma kwenye trela. Alipona, lakini kwa shida.

Hospitalini muuguzi mmoja, mama mnene wa Shinyalu, alitugombeza. "Hata sisi tunaanzishanga uchungu! Lakini dawa yetu inapita kwa mshipa, tone kwa tone, nikiwa nimekaa hapa. Uchungu ukizidi, nafunga. Hiyo ya kikombe mtaifungia wapi, tumboni?"



Baadaye nami nikawa na mimba, siku zangu za kuzaa zikafika, zikapita. "Huyo mtoto anangoja malipo ya miwa," majirani wakacheka. Mama mkwe akaja na kikombe kinachofuka.

"Kunywa, msichana. Mimi wangu wote nimewazaa na hii."

Enzi hizo, kumkatalia mama mkwe kungeweza kukurudisha kwenu. Hata hivyo nilisema: "Sinywi, mama. Nipelekeni pale dawa inaweza kufungwa."

Alininunia. Mume wangu akanibeba kwa baiskeli. Kule hospitalini waliniwekea yale matone. Uchungu ulipopanda sana, yule muuguzi akayapunguza. Baba yako alipotoka tu, nikadungwa sindano ya paja ya kuzuia damu, tumbo likasuguliwa. Damu niliiona, ndiyo, ila ilikoma.

Mjukuu wangu, siku zako zikipita, usikae nyumbani. Nenda hospitali, uliza wanakupa nini, nani atakuangalia, na damu ikizidi watafanya nini. Hata kule inaweza kuzidi, lakini kuna mikono ya kuizuia. Mungu akufungue salama, akupe mtoto wa kulia kwa sauti kubwa. Na mtu akikuletea kikombe, hata kama ni mimi nimezeeka nikasahau, niambie usoni: "Sinywi, mama. Nipelekeni pale dawa inaweza kufungwa."