Baiskeli ya Baba Kwenye Makaburi ya Watemi

Kosa langu lilikuwa kutoshuka. Hadi leo nikinusa gundi ya viraka vya matairi mawazo hunirudisha kwenye magofu ya ikulu ya zamani, nje ya Tinde, tulipoingia marafiki watatu na baiskeli katikati ya makaburi ya watemi, machifu wa zamani. Mimi nilitangulia, juu ya baiskeli ya baba niliyoing'arisha kila spoki.

Mzee mlinzi alikamata usukani.

"Shikamoo, babu."

"Shikamoo ya juu ya baiskeli siitaki! Hapa hata mtemi hushuka."

Akatoboa matairi yote mawili kwa mkuki. Wenzangu wakageuza zao wakicheka: "Ibebe, mtemi!"

Niliikokota hadi nyumbani. Baba alisimama mlangoni na fimbo.

Siku hizi hushuka penye kaburi lolote. Wale wawili siwasalimii.