Miaka Thelathini na Moja Bila Kuona Mwisho wa Filamu

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, Attracta Feeney anainuka kwenye kiti cha nyuma kabisa, anainama ili kichwa chake kisikate mwanga, kisha anatoka ukumbini akinyata kama paka.

Nyuma yake, kwenye kitambaa kikubwa cheupe, msichana wa miaka kumi na saba amesimama stesheni na sanduku moja. Kijana anayempenda anakuja mbio kwa baiskeli, shati likipepea. Treni imeshapiga honi. Watu hamsini na wawili wamebana pumzi gizani. Attracta hana muda wa kubana yake. Ana vikombe sitini vya kupanga.

"Maji yakichelewa kuchemka, watanisema mpaka Pasaka," anasema, huku akiwasha birika kubwa la umeme na kufungua milango miwili ya mbele ili hewa ya mvua iingie.

Hiyo ndiyo sheria ya Sinema ya Culhane, yenye viti tisini na vinne, hapa Kilcorran, mji mdogo wa Ireland. Aliiweka marehemu mzee Culhane: mtu asitoke kwenye filamu akakuta chai baridi au mlango umefungwa. Kwa hiyo, dakika kumi kabla ya mwisho, mwuza tiketi hutoka. Attracta, mwenye umri wa miaka sitini na sita, ndiye mwuza tiketi, mchanaji wa tiketi, mfagiaji na mpika chai. Amefanya hivyo miaka thelathini na moja. Mianzo ya filamu ameiona mingi isiyo na idadi. Miisho huisoma kwenye nyuso.

"Wakitoka wanafuta pua, ujue kuna aliyekufa," anaeleza. "Wakitoka wanatafuta funguo za gari, ujue hakuna aliyekufa wala aliyeoa, na wanajuta."

Lakini filamu hii, *Kiangazi cha Mavuno Mawili*, imemshinda. Tangu Ijumaa watu wanatoka wakifuta pua na kucheka kwa pamoja. Hajui kama yule kijana wa baiskeli aliiwahi treni. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu Kilcorran kumwambia mtu mwisho wa filamu ni sawa na kumfungulia barua yake. Naye hajamwuliza mtu.

Filamu hiyo inasimulia kiangazi cha mwaka 1976, mwaka ambao jua liliwaka hadi wakulima wakavuna nyasi mara mbili. Sorcha anatakiwa kwenda London mwisho wa msimu kusomea uuguzi. Donal anatakiwa kubaki na ng'ombe wa baba yake. Wamebakiwa na wiki saba za kupendana.

Mwaka huo Attracta naye alikuwa na miaka kumi na saba.

"Mara ya kwanza nilipoona ile baiskeli iliyolazwa ukutani nje ya ukumbi wa dansi, nilinusa mafuta ya nywele," anasema. "Nakwambia nilinusa. Hapa hapa, kwenye viti hivi vinavyonuka popcorn."

Taa zinawaka. Watu wanamiminika sebuleni, wanashika vikombe, na kazi halisi ya alasiri inaanza, yaani kutoa maoni. Pembeni mwa jagi la maziwa linaning'inia daftari la shule lililofungwa uzi, na kalamu. Kila mwenye neno huandika, tena kwa jina lake, kwa kuwa lawama isiyo na jina hapa huhesabiwa kuwa woga.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wa Kilcorran hawajawahi kumwona mgema, lakini hiyo ndiyo dini yao ya pili. Hapa mpishi hasifiwi, mwimbaji hasifiwi, mtoto aliyefaulu mtihani huulizwa mbona hakuanza kusoma mapema. Filamu nayo isitegemee upendeleo.

Bi Goretti Mulvihill, mkunga mstaafu, ameandika kwamba Sorcha anakwenda dansi kwa baiskeli bila koti, na anataka kujua mama gani huyo aliyemwachia. Mwalimu mmoja mstaafu anapinga namna Donal anavyovuka ukumbi wa dansi peke yake kwenda upande wa wasichana. Hakuna mvulana aliyewahi kuvuka peke yake, ameandika. Tulivuka kwa kundi, kama ng'ombe wanaokwenda mnadani, na kila mmoja akijifanya ni mwenzake aliyemsukuma.

Packie Tuohy, mkulima mwenye umri wa miaka sitini na minane ambaye hakuoa, alianza na kamba. Katika filamu, lundo la nyasi kavu limefungwa kwa kamba iliyosokotwa kwa nyasi zenyewe. "Mwaka ule tulikuwa na kamba za dukani," aliandika Ijumaa. "Aliyesokota nyasi ni babu yangu. Wametuzeesha."

Jumapili alikuja tena akaandika habari za kamba kwa mara ya pili. Leo, Jumanne, amekuja mara ya tatu na ameacha kamba. Amegeukia soda.

Enzi zile kijana alipomkaribisha msichana soda dansini, na msichana akaipokea, mambo yalikuwa yamekwisha: ndiye atakayemsindikiza nyumbani. Katika filamu, Sorcha anapokea soda ya chungwa kutoka kwa mtoto wa mwenye duka, anaiweka mezani, halafu anaondoka kwa baiskeli ya Donal.

"Hakuna msichana wa sehemu hizi angefanya vile," Packie anaandika, huku akiyatamka maneno kwa sauti. Analaza kalamu na kumtazama Attracta juu ya kikombe.

"Hakuna?" Attracta anauliza, akimimina maziwa.

"Hakuna mwenye malezi."

"We Packie, ile soda niliinywa nusu. Na ilikuwa vuguvugu."

"Kumbe unakumbuka."

"Nakumbuka uvuguvugu wake."

Sebule nzima inacheka, kwa sababu kila aliyevuka miaka sitini hapa anakijua kisa hicho. Mwaka 1978 Attracta alipokea soda ya Packie, akarudi nyumbani amekaa kwenye chuma cha mbele cha baiskeli ya Malachy Feeney. Aliolewa na Malachy miaka miwili baadaye.

Malachy alikuwa dereva wa lori la kukusanya maziwa mashambani. Mwaka 1994 alianguka kutoka kwenye ngazi ya tangi, mgongo ukaharibika, na mshahara ukakatika. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili, Bláthnaid na Cathal. Attracta alikwenda kwa mzee Culhane kuomba kazi ya wiki sita. Alianza kwa pauni thelathini na tano kwa wiki. Leo anapata yuro mia mbili na themanini, na zile wiki sita hazijaisha.

"Malachy alikuwa ananiuliza kila nikirudi, filamu iliishaje?" anakumbuka. "Nami namtungia. Nimewaozesha watu wengi sana jikoni mle. Kuna majambazi niliwapeleka utawani." Malachy alifariki miaka sita iliyopita. Tangu hapo, anasema, hakuhitaji tena miisho, mpaka ilipokuja hii.

Ni lazima ieleweke kwamba angeweza kungoja. Bláthnaid, aliyeko Toronto, amemwahidi kumwekea filamu hiyo kwenye simu itakapotoka. Attracta alikataa. "Kuiangalia peke yangu jikoni ni kama kwenda dansi peke yangu. Nataka niuone mwisho wake na hawa waliokuwepo. Hawa walionuka mafuta yale yale."

Tatizo ni kwamba kila filamu hapa hupewa wiki moja. Jumatano, saa sita mchana, mwenye sinema humpigia simu msambazaji wa Dublin na kusema inabaki au inaondoka. Na filamu ya maroboti ilikuwa inangoja zamu ya Ijumaa.

Mwenye sinema sasa ni Fintan Culhane, mtoto wa marehemu, mtu mpole wa miaka arobaini na minne. Aliishi Dublin miaka ishirini na alirudi miaka miwili iliyopita. Anaishika kanuni ya baba yake kama katekisimu: tiketi zinakuambia nani amekuja, daftari linakuambia nani atarudi.

Jumatano asubuhi alilisoma daftari lote. Attracta alikuwa anafagia popcorn alipomwona ameketi mbele ya simu, uso umemshuka.

Fintan alimwambia kwamba anaiachia filamu iondoke. Kurasa kumi na moja, alisema, malalamiko arobaini na saba, na hakuna sentensi moja ya sifa. Kamba mbaya, koti hakuna, dansi ya uongo, soda ya aibu. Watu wameikataa, na yeye hawezi kuwalazimisha.

Attracta aliegemeza ufagio ukutani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

"Fintan mwanangu," alimwambia, "umesoma maneno. Hebu soma majina."

Wakakaa pamoja. Attracta akaweka kidole kwenye kila sahihi, mmoja baada ya mwingine. Packie Tuohy, Ijumaa, Jumapili, Jumanne. Goretti Mulvihill, mara tatu, na mara ya tatu alimleta dada yake kutoka Athlone aje alione koti ambalo halipo. Mwalimu mstaafu, mara nne. Malalamiko arobaini na saba yalikuwa ya watu kumi na tisa.

"Packie ana ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja," Attracta akasema. "Amewachelewesha siku tatu. Mtu haachi ng'ombe wake wanalia kwa ajili ya filamu anayoichukia."

Kisha akalifungua daftari nyuma, kwenye filamu ya mwezi uliopita, ile ya matajiri wa New York. Ukurasa mzima ulikuwa na maneno "nzuri" na "nzuri sana".

"Walirudi wangapi?" Fintan akauliza.

"Alirudi mmoja. Alisahau mwavuli."

Fintan alicheka mpaka akavua miwani. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu cha utotoni, akamwuliza Attracta mwenyewe ana maoni gani, maana jina lake halimo kwenye daftari hata mara moja.

Attracta akamjibu kwamba hana haki ya kuandika. Hajaona mwisho.

Anasema hakutarajia jambo lolote kutoka kwenye jibu hilo. Alichukua ufagio wake. Lakini Fintan alibaki amemkodolea macho, akihesabu kimoyomoyo miaka, filamu na vikombe. Alipoinua simu, kabla ya saa sita, alisema inabaki wiki moja zaidi. Alipoiweka chini, akaongeza kwamba Jumapili chai ataipika yeye.

Habari ikaenea. Kufikia Jumapili, saa tisa kasoro robo, viti vyote tisini na vinne vilikuwa vimejaa, isipokuwa vitatu katika safu ya katikati vilivyoachwa bila mtu kuagizwa. Attracta aliingia na koti lake la kanisani. Watu walijifanya wanasoma tiketi zao.

Packie Tuohy aliingia akiwa amefunga tai. Aliwaomba watu wa safu ile wampishe, akapita, akaketi akiacha kiti kimoja kati yake na Attracta, kama adabu inavyotaka. Juu ya kiti hicho akasimamisha chupa ya soda ya chungwa.

"Imetoka kwenye friji," alisema, macho yakiwa kwenye kitambaa.

"Tutaona," Attracta akasema.

Saa kumi na dakika arobaini miguu yake ilitaka kuinuka. Aliikunja chini ya kiti. Jikoni kulisikika kishindo cha vikombe, na sauti ya Fintan ikimwomba mtakatifu fulani msaada. Hakuna aliyegeuka. Treni ikapiga honi, na safari hii Attracta Feeney akabana pumzi pamoja na wenzake.

Mwisho wa filamu hauandikwi hapa. Anayeutaka aje, viti vipo.

Alitoka miongoni mwa watu wa mwisho, akifuta pua na kucheka, chupa tupu mkononi. Sebuleni watu walikuwa wameshika vikombe vya chai nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, na tayari Bi Goretti alikuwa ameandika malalamiko kuihusu. Walimpisha Attracta njia mpaka kwenye daftari, huku wakizungumzia hali ya hewa kwa sauti kubwa ili asijue kwamba wanangoja.

Alifikiri kidogo. Akaandika kwa herufi za shule, taratibu, kisha akaondoka kwenda kuongeza majani kwenye birika.

*Ile soda ya mtoto wa mwenye duka imetokwa jasho kwa ubaridi. Mwaka ule ukumbi haukuwa na friji. Nitarudi Jumanne kuhakikisha. A. Feeney.*

Packie Tuohy alivaa miwani, akasoma mara mbili. Akachukua kalamu, na chini ya sahihi hiyo akaandika neno ambalo katika miaka yote daftari la Sinema ya Culhane halijawahi kulipata kutoka kwake:

*Kweli.*